Testosteroni na DHT: ipi inafanya nini mwilini?

Sifa ya kuujenga mwili wa kiume hupewa homoni ya testosteroni peke yake, na hapo DHT inadhulumiwa. DHT ni dihidrotestosteroni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni hiyo hiyo kwa msaada wa kimeng'enya.

Testosteroni hutoka hasa kwenye korodani. Mvulana akibalehe, ndiyo inayojaza misuli na kukuza zoloto, sauti ikakwaruza kwanza kisha ikawa nzito. DHT ni chache kwenye damu, ila hushika vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea homoni, kwa nguvu zaidi. Ndevu ni kazi yake, na tezi dume pia. Ajabu ni kwamba hiyo hiyo inayoziotesha ndevu hudhoofisha nywele za utosini kwa aliyerithi upara!

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwangu, ni wa Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 watafiti walieleza habari za watoto wa kiume waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho kinachotengeneza DHT. Maumbile yao ya nje yalifanana na ya kike, na wengi walilelewa kama wasichana. Walipobalehe, sauti ikashuka na misuli ikajaa, lakini ndevu zilibaki haba, tezi dume ikabaki ndogo, na upara haukuwapata.

Kwa hiyo kijana mwenye ndevu chache asidhani amepungukiwa testosteroni. Mara nyingi ni urithi tu: vinyweleo vyake haviitikii sana DHT. Tafadhali asikimbilie sindano za testosteroni bila daktari, maana hizo husinyaza korodani na kupunguza mbegu.