Makumbusho ya Sir John Soane, London: nenda kwa ajili ya Hogarth

Kama una nafasi ya kuona jumba moja tu la sanaa London, na unachotaka ni maisha ya watu na si makabaila waliokaa wima na mbwa wao wa kuwinda, nenda namba 13, Lincoln's Inn Fields. Ilikuwa nyumba ya msanifu majengo John Soane, aliyefariki 1837, na sheria ya Bunge ya 1833 ndiyo iliyoagiza ibaki kama alivyoiacha. Kiingilio ni bure. Begi kubwa utaliacha mlangoni, na ni haki, maana vijia ni vyembamba na sanamu ziko kila upande.

Mimi nilifuata chumba cha picha. Ni kidogo kama sebule ya kawaida, lakini kina picha zaidi ya 100, kwa sababu kuta zake zina bawaba: mhudumu anazivuta, na nyuma yake kuna picha nyingine. Humo ndimo zilimo picha nane za mchoraji Mwingereza William Hogarth za miaka ya 1730, zinazomhusu Tom Rakewell, kijana aliyerithi mali ya baba bahili akaitapanya yote. Mke wa Soane ndiye aliyezinunua mnadani mwaka 1802, kwa gini 570 (gini ni sarafu ya zamani ya Uingereza).

Tom mwenyewe hanivutii. Ni mpumbavu tangu picha ya kwanza. Utamu uko kwa wanaomzunguka. Matanga ya baba hayajaisha, fundi nguo ameshaanza kumpima, huku Sarah, binti aliyempa mimba, analia na pete mkononi. Picha ya pili wamemzunguka walimu: wa dansi, wa upanga, wa kinanda, kila mmoja amenusa fedha. Ya nne, madalali wa mahakama wanamnasa ndani ya kiti cha kubebwa, na ni Sarah yuleyule anayetoa kipochi chake kumwokoa. Kwenye ya sita nilisimama kirefu: moshi umeanza kufuka ukutani mwa nyumba ya kamari, na karibu wachezaji wote hawana habari.

Ya saba ni Fleet, gereza la wadaiwa. Hogarth hakulisikia kwa watu, kwani baba yake aliwahi kufungwa humo kwa deni. Hata kule ndani mlinzi na kijana wa bia wanadai chao.

Kasoro? Hogarth anahubiri mno, na Sarah ni mvumilivu hadi anakera. Lakini biashara aliijua: chapa za picha hizi, yaani nakala zilizochapwa kwenye karatasi, aliziuza gini mbili kwa seti, na alichelewesha kuzitoa hadi sheria ya kuzuia wizi wa chapa ilipoanza kazi Juni 1735.

Jumatatu na Jumanne hufungwa. Ukifika, muulize mhudumu kuta zinafunguliwa saa ngapi, usije ukaondoka umeona nusu.