Nguzo za turubai la kambini: kabla ya kulipa, pima ncha

Saa nane usiku, mvua ya upepo ikipiga, nguzo yangu ya mbele ilianguka. Haikuvunjika wala kupinda. Upepo uliinua turubai kiasi cha vidole vitatu tu, likachomoka, na nguzo ikalala matopeni ikiwa nzima, imekazwa kwenye urefu uleule niliouweka jioni. Kulipokucha nikaikagua, nikaliona kosa. Ile ncha ya juu inayoingia kwenye tundu la turubai ilikuwa fupi kuliko ukucha wa kidole gumba.

Wakati wa kununua nilisoma kila kitu: urefu, uzito, aina ya alumini, hata mfuko wa kubebea. Ncha sikuitazama, maana hakuna muuzaji anayeipiga picha. Kwa hiyo habari za uzito na rangi sitazigusa. Hizo zimeandikwa kwenye kila sanduku.

Hebu hesabu vitu vinavyokaa juu ya ncha moja. Kuna upindo wa turubai pamoja na pete yake ya chuma. Juu yake kuna kitanzi cha kamba ya kwanza, kisha kitanzi cha kamba ya pili, kwa sababu nguzo ya pembeni huhitaji kamba mbili zinazovuta pande mbili, la sivyo haisimami. Vikishakaa vyote vitatu, weka kidole chako kwenye sehemu ya ncha iliyobaki juu. Kama hupati ncha tupu yenye upana wa kidole kizima, hiyo nguzo usiinunue, hata kama imetengenezwa kwa chuma cha ndege.

Wengi hudhani upepo ndio adui peke yake, wakisahau unyevu. Maturubai mengi mepesi ni ya nailoni iliyopakwa silikoni, na nailoni ikinywa maji hulegea. Unalala turubai limewambwa kama ngoma, unaamka usiku wa manane limebweteka. Kamba zikishalegea hakuna tena kinachoivuta ile pete chini kwenye nguzo, na hapo upepo mdogo tu unatosha kuirusha. Poliesta hailegei kiasi hicho, lakini hata yenyewe haitaokoa ncha fupi.

Hapo ndipo nguzo ya kurefusha inapoonyesha faida yake. Watu huinunua wakifikiri ni kwa ajili ya kuchagua kimo siku ya kwanza. Mimi naipenda kwa sababu usiku, turubai likilegea, naamka, naisukuma nguzo juu sentimita tatu au nne nikiwa palepale chini ya kivuli changu, na kamba zote zinakaza kwa pamoja. Sihitaji kutoka mvuani kuzunguka kigingi hadi kigingi.

Sasa nizipange aina za nguzo kwa ubora. Nafasi ya kwanza naipa chapa ya Black Diamond, na sifichi upendeleo wangu. Hizi si nguzo za turubai bali fimbo za kupandia mlima, zile zenye klipu ya nje wanayoiita FlickLock. Igeuze fimbo, mpini ukae chini na ncha itazame juu. Ncha ya fimbo ni ndefu na hunenepa taratibu, hivyo pete ya turubai inashuka mpaka inakaa yenyewe, na vitanzi viwili vinaifuata bila kugombania nafasi. Mpini nao ni mnene, hauzami kwenye udongo laini upesi kama bomba jembamba. Klipu unaifungua na kuifunga kwa kidole hata ukiwa na mikono iliyolowa, na ikianza kuteleza, ina skrubu ndogo ya kukaza. Chapa nyingine, Leki, wana klipu ya namna hiyo pia na ni fimbo nzuri, ila moyo wangu uko kwa Black Diamond kwa sababu ya miaka niliyokaa nazo. Angalizo: ncha ni kali, basi iingie kwenye pete pekee, isiguse kitambaa. Na fimbo nyingi za aina hii huishia kwenye sentimita 130 au 140. Kwa kulala na kukaa zinatosha kabisa. Anayetaka kupika amesimama zitamwinamisha.

Huyo basi achukue nafasi ya pili: nguzo ndefu za alumini za kuvuta, zenye klipu ya nje, zinazopita mita mbili. Hapa chapa hainishughulishi sana kuliko ule mtihani wa kidole. Nenda na turubai lako dukani. Usione haya, likunjue pembe moja, ingiza ncha kwenye tundu, funga vitanzi viwili vya kamba, kisha vuta kuelekea juu. Zipo nguzo ambazo ncha yake ni ndefu lakini nene, haipiti kwenye pete ndogo, na hilo nalo hutalijua kwa picha.

Nafasi ya tatu ni za kitufe cha springi kinachochomoza kwenye tundu la bomba. Hazitelezi kamwe, hilo nazisifu. Tatizo ni kwamba hupanda kwa hatua, tundu hadi tundu, na zile sentimita tatu ninazozihitaji usiku mara nyingi ziko katikati ya matundu mawili. Inabidi usogeze kitako cha nguzo mpaka isimame wima zaidi ndipo turubai likaze.

Za mwisho ni za kuzungusha. Ndani yake kuna kipande cha plastiki kinachotanuka na kubana ukuta wa bomba unapozungusha. Mchanga ukiingia, au umande, kinateleza. Ukikikaza kupita kiasi kinazunguka tu bila kushika. Ukiwa nazo, zichomoe vipande vyote ukirudi nyumbani, zikauke. Lakini kununua mpya, hapana.

Za bei ya chini kabisa, zile za faibaglasi au za bati jembamba, zinafaa kwa kivuli cha mchana pasipo upepo.

Sasa niseme la wauzaji, maana limenikaa rohoni. Nilipopeleka malalamiko kuhusu ile ncha niliambiwa ndivyo zilivyo zote. Si kweli, na aliyeniambia alikuwa amesimama mbele ya rafu yenye nguzo za aina nne. Kuna lile la picha yenye nguzo mbili na sanduku lenye moja. Kuna na la urefu: wanaandika kimo cha mwisho kabisa, pale ambapo bomba la ndani limebaki limeshikwa na kipande kidogo mno. Nguzo iliyovutwa hivyo hupinda penye kiungo. Toa kiasi cha kiganja kwenye urefu walioandika, ndipo upate urefu wa kuaminika. Na bei! Jozi ya nguzo hufikia kugharimu kama turubai lenyewe, kisha mtu ananyimwa sentimita mbili za chuma pale juu. Wanunuzi tuulize urefu wa ncha kila mara, waandike.

Kwa aliyekwisha kununua zenye ncha fupi, usizitupe. Kata pete nyembamba kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ivalishe kwenye ncha juu ya vitanzi, ibane. Kisha weka vigingi mbali na nguzo kwa umbali unaolingana na kimo chake, ili kamba zivute chini na si pembeni tu. Ile iliyoniangusha naitumia hivyo mpaka leo, ila naisimamisha upande wa nyuma, ambako turubai linagusa karibu na ardhi na upepo haupati pa kuingilia.