Namba ya umri au kushika padi mwenyewe?

Unataka kujua kama gemu inamfaa mwanao: uangalie namba ya umri kwenye kasha, au ushike padi, kile kidude cha kuchezea, ucheze mwenyewe? Kwenye vibanda vya gemu vya Ngamiani, Tanga, gemu mara nyingi iko tayari ndani ya mashine: kasha hulioni, na namba ya umri huioni. Itafute kwa jina kwenye tovuti ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri ulioanza 2003, wenye ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18. Ni kazi ya dakika mbili. Grand Theft Auto V ni 18. Hapo hakuna mjadala, hata mtoto akiapa kwamba anaendesha gari tu.

Ila namba haipimi ugumu wa gemu, wala matusi ya wanaocheza naye mtandaoni. EA Sports FC 24, gemu ya mpira wa miguu, ilipewa 3, na humo mna pakiti za wachezaji za kubahatisha zinazonunuliwa kwa pesa halisi. Ndiyo yanayoliza wazazi.

Hayo utayaona ukishika padi. Usiishie hatua ya kwanza, kwa kawaida ni ya kufundishia na huwa laini. Cheza nusu saa, fungua duka la ndani, sikiliza maongezi. Ikiwa namba ni 18, padi iache mezani.