Uzoefu wangu: OpenVPN kwenye Debian 11, na hitilafu ya OpenSSL ya kusoma vyeti

Naitumia OpenVPN, programu ya kutengeneza njia ya siri (VPN) juu ya intaneti, kwenye seva ya Debian 11 (aina ya Linux), kuunganisha ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari ya Tanga na matawi yake ya Muheza na Pangani. Inavumilia mtandao wa simu unaokatikakatika, na cheti cha kidijitali cha kila mfanyakazi, yaani kitambulisho chake cha kuunganishwa, nakitoa na kukifuta mwenyewe. Kwa hayo naisifu bila kusita. Ila uhakiki wa vyeti inauachia OpenSSL, maktaba ya programu ya usimbaji, na yeyote anayeiweka OpenVPN lazima aijue CVE-2022-0778, namba ya utambulisho ya hitilafu ya usalama ya OpenSSL.

Aliyeigundua ni Tavis Ormandy wa Google, na marekebisho yalitoka Machi 15, 2022 katika matoleo 1.1.1n na 3.0.2. Tatizo liko kwenye BN_mod_sqrt, sehemu ya OpenSSL inayotafuta kipeuo cha pili katika hesabu za baki. Kigawanyo kisipokuwa namba tasa, hesabu inaweza kuzunguka bila kikomo, na cheti kilichotengenezwa kwa hila kinaweza kuisababisha. Ubaya zaidi, cheti husomwa kwanza ndipo saini yake ihakikiwe, kwa hiyo mshambuliaji hahitaji cheti ulichokisaini wewe. Siri hazivuji, lakini seva ya OpenVPN huhudumia wateja wote kwa mkondo mmoja wa utekelezaji (thread): ikinasa, matawi yote yanakatika. Na systemctl, amri ya kuonyesha hali ya huduma, itaendelea kuandika "active (running)", maana programu haijafa. Angalia amri ya top, inayoonyesha matumizi ya kichakataji, utaona openvpn imeganda kwenye asilimia 100 ya kiini kimoja cha kichakataji.

Kwenye Debian 11 usihukumu kwa namba ya toleo. Kiraka (marekebisho hayo) kiliingizwa kwenye 1.1.1k-1+deb11u2, hivyo "1.1.1k" peke yake haikuambii kitu. Tazama kwa amri dpkg -l libssl1.1, inayoonyesha toleo kamili la kifurushi cha OpenSSL; liwe hilo au la baadaye. Ukishasasisha, anzisha upya huduma, la sivyo maktaba ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu. Amri lsof -n | grep libssl | grep DEL ikitoa mstari wowote, huduma hiyo bado iko wazi. Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani.

Kompyuta za Windows nazo zishughulikie: kifurushi cha OpenVPN hubeba OpenSSL yake ndani, na Windows Update haiigusi.

Kinachonifanya niendelee kuipendekeza OpenVPN ni tls-crypt, mpangilio wake wa kufunga pakiti za mwanzo kwa ufunguo wa pamoja. Tengeneza ufunguo:

openvpn --genkey secret tc.key

Uweke kwenye seva na kwa kila mteja, ruhusa 600 (mmiliki pekee asome na kuandika), kisha ongeza mstari "tls-crypt tc.key" pande zote. Pakiti isiyo na ufunguo huo hutupwa kabla cheti hakijaguswa. Usiutume kwa WhatsApp. Peleka kwa flashi. Tawi utakalolisahau litaonyesha "TLS key negotiation failed to occur within 60 seconds", na mafundi huishia kulaumu mtandao bure. Laptopu ikiibiwa, ufunguo huo wa pamoja ubadilishwe kila mahali. Wenye matawi mengi watumie tls-crypt-v2, iliyoanza na OpenVPN 2.5, ambayo kila mteja anakuwa na ufunguo wake.