Nyuzi bapa namba 12 kwenye gitaa la sefu: uzoefu wangu wa miezi minane

Uzi wa sita uliruka katikati ya wimbo. Haukukatika. Ulichomoka tu kwenye mfereji wake pale darajani, kwenye kiegemeo cha nyuzi juu ya tumbo la gitaa, ukahamia mfereji wa jirani, na gitaa zima likaanza kulia kama nyuki ndani ya kopo. Nilikuwa napiga wimbo wa Misirlou, ule mpigo wa uzi mmoja chini-juu, chini-juu bila kupumua, na mkono wangu wa kulia ukishapamba moto hauna huruma. Nyuzi zilikuwa seti ya kawaida ya namba 9 (yaani uzi mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.009), ya Kariakoo, shilingi 15,000. Wiki ile ilikuwa mara ya tatu.

Gitaa langu ni la umbo la Jazzmaster, nakala ya bei nafuu ambayo chapa yake naiacha. Jazzmaster halisi kampuni ya magitaa ya Fender iliitoa mwaka 1958 wakiwalenga wapiga jazi. Jazi haikuichangamkia sana, lakini miaka michache baadaye vijana wa California, wale wa muziki wa sefu (surf, muziki wa gitaa wa wapanda mawimbi), waliifanya yao. Jambo ambalo sikulijua wakati nanunua ni kwamba zama zile nyuzi za gitaa zilikuwa nene, uzi wa tatu nao umevikwa waya, na daraja lake lilibuniwa kwa nyuzi za aina hiyo. Tazama gitaa hili kwa ubavuni utaelewa: nyuzi zikishavuka daraja zinakwenda mkiani, zinakofungwa, karibu bila kuinama, kwa hiyo hakuna kinacholikandamiza daraja isipokuwa mvuto wa nyuzi zenyewe. Uzi mnene unalikalia. Namba 9 inaelea juu yake, ukiucharaza kwa nguvu unatoka.

Kila anayeingia kwenye sefu husimuliwa habari za Dick Dale, mpiga gitaa maarufu wa muziki huo, na nyuzi zake za 16 mpaka 60. Inchi 0.060 ni kama milimita moja na nusu, unakaribia uzi wa pili wa gitaa la besi! Yule bwana alipiga gitaa la Fender Stratocaster kwa mkono wa kushoto, nyuzi zikiwa juu-chini, na hakuwa na habari ya kubembeleza kitu. Nilitamani kumuiga, kisha nikaiangalia shingo ya gitaa langu nikaionea huruma. Nikaagiza nyuzi bapa za D'Addario Chromes, 12 mpaka 52. Mpangilio wake ni 12, 16, 24, 32, 42 na 52, na kuanzia uzi wa tatu zote zimevikwa waya bapa, si wa mviringo. Ukipitisha kucha haikwaruzi, unateleza kama juu ya kioo. Mpaka zinanifikia Dar, pamoja na usafirishaji, zilinigharimu karibu 70,000. Ndiyo, najua.

Sasa, ukitoa namba 9 ukaweka 12, hujabadilisha nyuzi tu. Hilo nililijua kwa kuumia.

Kwanza, kabla hujakata ncha ya uzi bapa, ukunje kwanza pale unapotaka kukata, ukatie mbele ya kunjo. Ukikata ukiwa umenyooka, ule utepe wa waya unaweza kufumuka, na uzi uliofumuka haulii tena vizuri. Uzi wangu wa tano niliukata ovyo. Ulipona kwa bahati.

Pili, kile kipande cha juu ya shingo chenye mifereji sita. Mifereji ilichongwa kwa nyuzi nyembamba, hivyo 52 haikuzama. Ilikaa juu ya ukingo, na kila nikikaza kigingi inang'ang'ania halafu inaachia kwa kishindo, tik! Sauti inapitiliza. Nikachukua tupa nyembamba nikapanua mwenyewe, usiku, nikiwa na usingizi. Nikachimba mfereji wa nne kupita kiasi, uzi ukitetema wazi unagonga freti ya kwanza, kile chuma chembamba kilicholazwa shingoni. Kipande kile cha plastiki kilikwisha kazi. Nikaenda kwa muuza supu wa mtaani kwetu, nikamwomba mfupa wa paja la ng'ombe. Alicheka, akanipa na wa akiba. Niliuchemsha upya na sabuni kutoa mafuta, nikauanika siku nne, kisha nikaukata kwa msumeno wa chuma na kuusugua kwa msasa hadi ukaingia. Kazi ya Jumapili nzima, na nyumba ikanuka kama kwa daktari wa meno. Lakini nyuzi sasa zinateleza, na gitaa linakaa kwenye tyuni hata nikilitikisa na mkono wa trimolo, ile fimbo ya kuyumbisha sauti.

Tatu, shingo. Nyuzi nene zinaivuta mbele, inapinda kama upinde, na nyuzi zinapanda juu ya freti za katikati. Ndani ya shingo kuna nondo; unaikaza robo mzunguko, unasubiri, unapima. Kipimo changu hakina gharama: nilihifadhi uzi wa kwanza wa ile seti ya namba 9, ambao una unene wa milimita 0.23. Bana uzi wa sita freti ya kwanza na freti ya 17 kwa pamoja, kisha pitisha huo uzi mkuukuu chini yake kwenye freti ya 7. Ukipita kwa kugusa kidogo, shingo iko sawa. Robo mbili zilinitosha.

Nne, na hili ndilo lililoleta tofauti kubwa kuliko yote: nililegeza skrubu nne za shingo, nikaweka kipande cha kadi chini yake, upande ulio karibu na pikapu (kinasa sauti cha gitaa). Kadi ya mchango wa harusi. Kila nyumba ya Dar inazo za kutosha. Shingo inalala nyuma kidogo, inakubidi uinue daraja, na daraja likiinuka nyuzi zinainama zaidi kwenda mkiani. Mlio wa nyuki ukafa siku hiyo hiyo. Kimo cha nyuzi freti ya 12 nimekiacha milimita 2 kwa uzi wa sita na 1.6 kwa wa kwanza. Nikishusha zaidi, mpigo wa nguvu unagonga freti.

Kule mkiani skrubu ya springi nayo niliikaza, kisha darajani nikasogeza mbele kipipa kinachobeba uzi wa tatu, maana uzi uliovikwa waya hauhitaji urefu ule wa uzi mtupu ili freti ya 12 isome sawa. Dakika kumi, basi.

Sauti je? Uzi wa sita ukibanwa kidogo na kiganja karibu na daraja unatoa dum-dum fupi, nene, isiyo na makelele ya vidole, na mwangwi wa springi ukiuwekea nyuma unasikia yale matone ambayo wapenzi wa sefu huyatafuta. Kwa namba 9 nilikuwa naongeza mwangwi, naongeza, napata ukungu tu. Sasa nimeupunguza karibu nusu.

Kuna mambo hayafai. Kupinda uzi wa tatu kuongeza noti, sahau. Huo ni waya wa umeme. Wiki mbili za kwanza vidole viliuma. Na Jumamosi napiga solo kwenye bendi ya dansi, ambako gitaa linatakiwa ling'ae kule juu freti ya 12 na kuendelea. Baada ya nyimbo mbili kiongozi wetu alinigeukia: "Kaka, gitaa lako lina mafua?" Hakuwa anatania. Tangu siku hiyo dansi naenda na gitaa la kuazima.

Kwa upande wa kutu, hapa pwani, kwa jasho langu na upepo wa chumvi, namba 9 za kawaida zilikuwa zinachakaa ndani ya wiki tatu. Hizi zina miezi minane. Nazifuta kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza, na ni nyuzi mbili za chini tu, zile zisizovikwa, zilizoanza madoa. Ukipiga hesabu, ile 70,000 si ghali kama ilivyoonekana.

Mwezi uliopita nilikwenda Unguja kwa mjomba wangu, mpiga udi. Nilimpigia Misirlou bila kuchomeka amplifaya. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kisha akaitaja maqamu, mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu: "Hiyo hijazi, mwanangu. Umejifunza kwa nani?" Nikamweleza kuwa ni wimbo wa zamani wa Mashariki ya Mediterania, na kwamba Dick Dale aliyeupiga mwaka 1962 baba yake alikuwa wa asili ya Lebanoni, na utotoni alimwona ami yake akipiga udi. Mjomba hakushangaa hata kidogo. Alichukua gitaa, akapapasa uzi wa sita kwa kidole gumba, juu hadi chini, akaniuliza kama duka lile linauza za udi.

Seti ijayo nimeagiza ya 11 mpaka 50, bapa vilevile, na mfupa wa akiba bado ninao.