Mashine ya aiskrimu ya wifi: inafaa, au inajaza kabati tu?

Wifi yangu anayeishi Maskati ana tabia ya kutuma zawadi zinazohitaji maelezo. Mwaka jana, siku chache kabla ya Ramadhani, kwenye katoni lililojaa madira, udi na tende, alitumbukiza mashine ya kutengenezea aiskrimu. "Hiyo ya watoto, wifi," aliniambia kwenye simu. "Waache kulamba lambalamba za barabarani." Nimeitumia karibu mwaka mzima hapa Tanga, Ngamiani, kwenye nyumba ya watu saba. Majirani watatu wameshaniuliza kama na wao waagize, na kila mmoja nimempa jibu tofauti kidogo kulingana na siku ilivyonikuta. Leo naandika jibu moja.

Jina la kampuni siliweki, maana ziko nyingi za umbo hili hili na zinafanya kazi sawa. Ni ile ya bakuli la kugandisha: kitako, bakuli zito lenye kuta mbili, mwiko wa plastiki, na kifuniko chenye mota juu yake. Katikati ya zile kuta mbili kuna maji maalumu yaliyofungiwa humo. Mashine yenyewe haina ubaridi hata chembe. Unaligandisha bakuli, unalitoa, unawasha, unamimina uji wako wa maziwa, na mwiko unazunguka ukikwangua kinachoganda ukutani. Basi. Ziko nyingine zenye kompresa yake ndani, hizo zinajigandishia zenyewe, ila bei yake ni mara kadhaa ya hii na uzito wake utadhani umebeba friji ndogo. Wifi ananipenda, lakini si kiasi hicho.

Plagi haikunisumbua. Ya Maskati ni miguu mitatu bapa kama zetu na umeme wao unakaribiana na wetu. Ukiletewa ya Marekani angalia kwanza, kule wanatumia volti 120. Bila transfoma utaiunguza siku ya kwanza.

Sasa niseme lililonichelewesha. Kitabu kilisema bakuli likae kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, saa 16 hadi 24. Mimi nilikuwa na friji ya mlango mmoja, ile yenye kichumba cha barafu juu. Nikaliweka usiku, kesho yake baada ya alasiri nikalitoa na kulitikisa. Likalia chwa, chwa. Kusikia maji ndani maana yake bado halijaganda, na kitabu kilisema hivyo, lakini maembe nilishayamenya na watoto walishakaa mkekani na vijiko mkononi. Nikawasha. Baada ya dakika 40 tulikuwa na maziwa ya embe ya baridi. Kitindamimba wangu akanywa vikombe viwili, akafuta mdomo, akasema, "Mama, juisi yako tamu."

Mara ya pili nikaomba nafasi kwenye friza ya jirani, lile sanduku la kufunguliwa kwa juu. Bakuli liliganda kama jiwe. Shida ni kwamba jirani anauza samaki. Nilikuwa nimelifunga kwa mfuko mmoja tu wa nailoni, na aiskrimu ya vanila ikatoka na harufu ya changu. Mume wangu alikula yote kwa heshima, huku akitazama pembeni.

Mara ya tatu kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilimimina kwanza, ndipo nikawasha. Maziwa yakigusa ukuta wenye baridi ile yanaganda papo hapo, na mwiko ukashikwa kama mguu kwenye matope ya mikoko. Mota ikawa inatoa mlio wa tak-tak-tak. Fundi redio wa mtaani aliifungua, akanionyesha jino moja la gia ya plastiki limemeguka, akalichonga kwa kisu cha moto, akachukua elfu tano yake. Tangu siku hiyo nawasha kwanza, mwiko uzunguke mtupu, ndipo namimina taratibu kupitia tundu la kifuniko.

Hadithi ingeishia hapo na mashine ingepanda juu ya kabati pamoja na birika la umeme, kama si sababu nyingine kabisa: tulinunua friza ya mtumba kwa ajili ya biashara yangu ya barafu za ubuyu na ukwaju. Yaani friza ilikuja kwa barafu za shilingi 200, na aiskrimu ikapata lifti. Tangu hapo sijawahi kushindwa tena.

Ikifanya kazi, inapendeza kuitazama. Dakika tano za kwanza hakuna kitu, maziwa yanazunguka tu. Dakika ya kumi hivi pembeni panaanza kuwa na utando mweupe na mwiko unaukwangua. Ya kumi na tano uji umekuwa mzito kama wa ulezi, unaacha mistari nyuma ya mwiko. Kati ya dakika ya 20 na 25 mlio wa mota unabadilika, unakuwa mnene, kama cherehani inapopita kwenye pindo la jinzi. Hapo ndipo pa kuzima. Ukingoja zaidi bakuli linaanza kupoteza baridi na unarudi ulikotoka. Inayotoka ni laini, ya kuliwa papo hapo. Ukitaka ya kuchota duara, ihamishie kwenye chombo kingine na uirudishe kwenye friza saa mbili tatu.

Uji lazima uwe umepoa kwenye friji, ikiwezekana tangu usiku. Uji wa vuguvugu unalimaliza bakuli kabla kazi haijaanza. Na mimina lita moja tu hata kama bakuli limeandikwa lita moja na nusu, kwa sababu unaumuka.

Ladha ninayoirudia ni ya nazi na iliki. Nazi mbili, tui la kwanza tu. Maziwa nusu lita nayachemsha na vijiko viwili vya kastadi, sukari gramu 180 na iliki ya kutwanga, yakipoa nachanganya na tui. Kastadi ndiyo inayoshikilia maji yasijitenge na kufanya chenga za barafu. Krimu ya supamaketi inafanya kazi nzuri zaidi, ila kipakti kimoja kinazidi gharama ya vitu vingine vyote. Sukari usiipunguze sana kwa kuogopa utamu. Ndiyo inayozuia isiwe jiwe. Wala usiizidishe, maana ikizidi haigandi. Machungwa ya Muheza nayatengeneza bila maziwa, maji yake na sukari tu, na ukwaju vilevile, kwa sababu ule ukali ukikutana na maziwa yanakatika. Niliujaribu mara moja. Ulionekana kama kitu kilichotoka kwa mtoto mchanga.

Siku ya Idi nilifanya jaribio. Uji ule ule niliugawa: nusu kwenye mashine, nusu kwenye bakuli la kawaida ndani ya friza, naukoroga kwa uma kila nusu saa mara tano. Nilifanya hivyo kwa embe dodo na kwa maziwa matupu ya vanila. Mama mkwe, ambaye meno yake hayamfichi baridi, nikampa vijiko vinne bila kumwambia kipi ni kipi. Kwenye embe hakuona tofauti, na mimi sikuiona. Embe lina nyama na nyuzi zake, linajishikilia. Kwenye vanila alijua mara moja. "Hii ina mchanga," alisema juu ya ile ya uma. Kwa hiyo kama nyumbani kwako mnataka embe, ndizi au parachichi, huhitaji mashine, unahitaji uma na subira. Maziwa na nazi ndipo mashine inapolipia nafasi yake.

Kuna njia nyingine tena, na hiyo tuliijaribu siku umeme ulipokatika bakuli likiwa limeshaganda na uji uko tayari. Ndoo, barafu zangu mwenyewe kilo tatu, chumvi ya mawe kilo moja, sufuria la mfuniko katikati, watoto wanalizungusha kwa zamu. Chumvi inaishusha barafu hadi chini sana ya sifuri, inaweza kufika nyuzi 21 chini. Ndivyo watu walivyokuwa wakifanya kabla ya friza. Mmarekani Nancy Johnson wa Philadelphia alipata hataza ya ndoo yenye mpini wa kuzungusha mwaka 1843. Sisi hatukuwa na mpini, tulikuwa na mikono. Dakika 40 na malalamiko mengi, lakini ilitoka, na chumvi Tanga si kitu cha kuhesabu.

Upande wa pesa, wengi wanaamini utaokoa. Ile ya nazi hapa kwangu ni hivi: nazi mbili 2,000, maziwa 1,200, sukari kama 550, kastadi na iliki 600. Jumla 4,350 kwa lita moja na kidogo, bila umeme wa friza. Mota yenyewe hali kitu. Kopo la lita moja la bei ya chini pale dukani halikunizidi sana, nikaona sijaokoa chochote, mpaka nilipoazima mizani ya muuza dagaa. La dukani lilikuwa na gramu 540. Langu, chombo cha ukubwa ule ule, gramu 870. Viwandani wanapulizia hewa, nusu ya kopo inaweza kuwa hewa tupu. Mashine ya nyumbani haiwezi kufanya hivyo hata ukitaka. Ndiyo maana yangu inashibisha haraka. Na ndiyo maana pia, ikilala siku mbili kwenye friza, inagoma kijiko. Itoe dakika kumi na tano kabla. Kwa joto la Januari, tano zinatosha.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba bakuli ni moja. Umeshatengeneza lita moja, watu saba wamepata vijiko vinne vinne, na mjomba anagonga hodi na wanawe watatu. Huwezi kurudia leo. Bakuli linataka kulala tena usiku mzima, na bakuli la akiba linauzwa kwa bei ya kutia uchungu. Kelele nazo zipo. Siku moja mama mkwe alinyanyua mkono akiwa kwenye uradi wake nizime, na mimi najua nikizima katikati mwiko utashikwa. Nikaibeba mashine ikiwa inazunguka, na waya wa ekstensheni, mpaka uani.

Bakuli lioshe kwa maji ya kawaida, si ya moto, na ulikaushe kabisa kabla ya kulirudisha. Usilishike kwa mkono wenye maji likiwa limeganda. Ngozi inabaki.

Jibu langu kwa wale majirani watatu basi. Mwenye friji ya mlango mmoja: usinunue, utakunywa juisi kama sisi. Mwenye shughuli za watu hamsini: hii ni ya familia, haikufai. Mwenye friza kubwa yenye nafasi ya kuweka bakuli wima, anayependa ladha ambazo hakuna kopo linalouza, nazi ya kweli, iliki, chungwa la Muheza: chukua, hata ya mtumba, ila litikise bakuli masikioni kabla ya kulipa usikie kama maji yake bado yamo na ukague pembeni kama halivuji.

Langu liko frizani tangu jana adhuhuri, ndani ya mifuko miwili, chini ya barafu za ukwaju. Asubuhi nimelitikisa: kimya. Nazi ziko mezani, na wa kumtoa mbuzi nyuma ya mlango bado hajarudi madrasa.