Miche ya bonsai isiyo na majina: uzoefu wangu na kitalu cha Dodoma

Kama unatafuta miche ya kuanzia bonsai, yaani miti inayotunzwa ibaki midogo kwenye chungu, hapa Dodoma, kitalu nilichonunua mimi kiko kando ya barabara ya kwenda Nzuguni, na kwa afya ya miche nakipa nyota nne bila kusita. Mashina ni manene, mizizi haijajizungusha ndani ya viriba, na bei mnaelewana na mama mwenyewe. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja: hakuna mche hata mmoja wenye jina. Chochote chenye majani membamba pale kinaitwa mti wa Krismasi.

Kwa anayepanda uani hilo halina shida. Kwa bonsai lina shida kubwa, maana kazi yetu yote ni mkasi na waya, na kila mti una namna yake ya kuupokea mkasi. Mkuyu ukiukata hadi kwenye shina tupu, unachipua. Tawi la saiprasi ukilirudisha hadi mahali pasipo na kijani, tawi hilo ndiyo basi tena.

Nilianza na programu ya simu ya kutambua mimea. Kwenye majani mapana ilinisaidia. Kwenye hii yenye majani kama sindano au magamba, tawi lile lile ukilipiga picha kwa upande mwingine linapewa jina jingine, kwa hiyo nikaiweka kando nikatumia macho na vidole.

Mche niliouziwa kama msonobari haukuwa msonobari. Chukua kijiti chake kimoja cha kijani, ukivute taratibu kwa ncha za vidole: kinaachana kwenye pingili, bila kuchanika. Ukitazama pale kilipoachana kwa kioo cha kukuzia, utaona duara la vijimeno vidogo mno, rangi ya kahawia. Vijimeno hivyo ndivyo majani yake. Kinachodhaniwa kuwa sindano ni kijitawi. Huo ni mvinje, ule ule wa fukwe za Pwani. Vitunda vyake vinafanana na koni, lakini ni mti wa maua, hauna undugu na msonobari. Msonobari wenyewe nilikuja kuuona nyuma ya banda: sindano ndefu zinazoning'inia, zimefungwa tatu tatu kwenye ala moja. Ni Pinus patula, ile iliyojaa kwenye shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi. Sindano za urefu ule hazikai vizuri kwenye chungu kidogo, nikauacha.

Ulionitoa jasho ni mche wa majani ya magamba. Saiprasi na mtarakwa, mti jamaa yake wa milimani, ikiwa bado michanga na haijazaa, kuitofautisha kwa jani ni kazi. Nikamuuliza mama mbegu alizitoa wapi. Akaingia bandani, akarudi na kopo la maziwa ya unga.

"Hizi hapa, mwanangu. Kaka yako aliniletea kutoka Lushoto."

Ndani kulikuwa na koni za mviringo, ngumu, zilizopasuka vipande vipande, kila kipande na kijichongo katikati. Jibu likapatikana, kwa sababu mtarakwa hauna koni ya namna hiyo. Wake ni kitunda chenye nyama, cha buluu iliyokolea. Kwa hiyo nina saiprasi, Cupressus lusitanica, ambayo asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ni mti wa nyanda za baridi, na Dodoma mvua zetu ni za msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Nimeuweka chini ya wavu wa kivuli na sikosi kuugusa udongo wake kila mchana. Mvinje uko juani tangu siku ya kwanza na haujalalamika.

Mche mwingine ulikuwa na majani ya kawaida, moja moja, na rafiki yangu akakataa katakata kwamba ni mbuyu. Mbuyu mchanga ndivyo unavyoanza. Majani yaliyofuata yalitoka yamegawanyika vidole vitano, ubishi ukaisha. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na ndio ningemshauri mtu wa Dodoma aanze nao.

Ukienda pale, mwombe mama akuonyeshe makopo ya mbegu kabla hujalipa. Hakatai, na kila kopo analikumbuka lilitoka wapi.